Skana ya Barkodi kwa Maduka na Maghala ya Eastlands

Skana ya barkodi ina kazi moja. Husoma milia iliyochapishwa kwenye pakiti, huigeuza kuwa tarakimu, kisha huzipeleka tarakimu hizo kwenye kompyuta kana kwamba mtu amezipiga kwenye kibodi na kumalizia kwa kitufe cha Enter. Jina la bidhaa, bei yake, kodi yake na idadi iliyobaki stoo havimo ndani ya skana wala ndani ya barkodi. Vimo kwenye programu ya mauzo. Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa skana huwa kwa kweli ni ya orodha ya bidhaa iliyojazwa vibaya, na hakuna skana, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kuirekebisha.

Barkodi iliyoenea zaidi kwenye bidhaa za rejareja nchini Kenya ni EAN-13, yenye tarakimu 13. Zinazoanza na 616 zimetolewa kupitia GS1 Kenya, tawi la shirika la kimataifa linalosimamia namba za barkodi. Hilo halimaanishi kuwa bidhaa imetengenezwa Kenya, ila kwamba kampuni inayomiliki namba hiyo imesajiliwa na GS1 Kenya. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Tarakimu 12 za mwanzo huzidishwa kwa 1 na 3 kwa zamu, majibu yakajumlishwa, na tarakimu ya ukaguzi ndiyo inayoongezwa ili jumla igawanyike kwa kumi bila baki. Namba 200000000001, kwa mfano, hutoa jumla ya 5, kwa hiyo hufungwa kwa 5 nyingine na kuwa 2000000000015. Kwa sababu ya hesabu hii ndogo, hata skana ya bei rahisi ni nadra kukosea EAN-13: ama huisoma sawa, ama hunyamaza. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimeachiwa matumizi ya ndani ya duka, na ndizo ambazo mizani ya bucha au ya sehemu ya mboga huchapisha kwenye lebo, uzito au bei ikiwa imo ndani ya namba yenyewe.

Uchaguzi huanzia kwenye rafu. Duka la kawaida la Eastlands, Nairobi, liwe Umoja, Kayole au Dandora, lile lenye grili mbele na rafu nyuma ya muuzaji, huwa na bidhaa za aina tatu. Ziko zenye barkodi safi juu ya sehemu ngumu na bapa: dawa ya meno, majani ya chai ya boksi, viberiti vya dazeni. Ziko zenye barkodi inayosumbua. Na ziko zisizo na barkodi kabisa, kama vile mayai, mafuta ya kupikia ya kupima, sukari iliyofungwa dukani kwa robo kilo, soda ya chupa ya kioo inayorudishwa na mtungi wa gesi wa kilo 6. Kadiri kundi hili la mwisho lilivyo kubwa, ndivyo faida ya skana inavyopungua. Kibanda ambacho mauzo yake mengi ni ya kadogo, yaani ya vipimo vidogovidogo, hakihitaji kununua skana; kamera ya simu ikiwa na programu ya mauzo inatosha kwa bidhaa chache zenye barkodi, ingawa ni ya polepole na hula chaji. Duka la kujichukulia lililo chini ya nyumba za kupanga kule Pipeline, Tena au Donholm, ambapo foleni huanza saa kumi na mbili jioni watu wanaposhuka matatu, haliwezi kutegemea simu.

Kundi la pili ndilo linaloamua aina ya skana. Pakiti laini ya maziwa ya nusu lita hutoka kwenye friji ikitokwa jasho, nayo hujikunja mkononi hata milia ikapinda. Karatasi ya mkate hukunjika mahali palepale penye barkodi. Pakiti ya krispi hung'aa na kurudisha mwanga machoni mwa skana. Kwenye chupa nyembamba, milia iliyosimamishwa kufuata urefu wa chupa huzunguka hadi nyuma ya mviringo, na ncha zake hazionekani kwa wakati mmoja. Kuna pia jambo la rangi. Mwanga wa skana nyingi ni mwekundu, na chini ya mwanga mwekundu wino mwekundu huonekana mweupe. Milia myekundu juu ya karatasi nyeupe, ambayo mtu huiona bila shida, kwa skana ya leza ni karatasi tupu. Mtengenezaji mdogo wa sabuni au siagi ya njugu kule Kariobangi anayechagua rangi ya lebo kwa uzuri tu hujifungia rafu za supamaketi bila kujua.

Mtengenezaji huyo anakabiliwa na mtego mwingine, ule wa kubuni namba au kunakili moja kutoka mtandaoni. Namba hiyo huenda tayari ni ya bidhaa ya mtu mwingine, na siku bidhaa hizo mbili zitakapokutana katika duka moja, keshia atasoma siagi na risiti itoke imeandikwa shampuu. Namba inayokubalika madukani hutolewa na GS1 Kenya kwa kusajili biashara. Kwa bidhaa isiyotoka nje ya duka lenyewe, namba za ndani zinazoanza na 2 zinatosha.

Skana zinazouzwa Nairobi ni za aina tatu kuu. Ya leza hutupa mstari mmoja mwekundu unaotikiswa na kioo kidogo ndani ya kifaa. Huwa hodari kwa barkodi ya milia iliyo sentimita kadhaa mbali, lakini haisomi barkodi ya miraba kama QR, kwa kawaida haisomi kioo cha simu, na kile kioo chake kinachotikisika hakipendi kuangushwa. Ya pili husoma mstari mmoja kwa safu ya vihisi vya mwanga, haina sehemu inayocheza, ni rahisi na ni ngumu kuharibika, ila nyingi hutaka kusogezwa karibu kabisa na pakiti. Ya tatu ni kamera. Hupiga picha ya eneo zima, husoma barkodi ikiwa imelala upande wowote, husoma QR na DataMatrix, na husoma kutoka kwenye simu.

Kwa duka linalonunua skana mpya leo, kamera ndiyo chaguo la busara, hata kama bidhaa zote kwenye rafu bado zina milia ya kawaida. Tofauti ya bei imepungua sana, na keshia anayeweza kupitisha pakiti bila kuigeuza mara mbili huokoa muda katika kila bidhaa. Zaidi ya hayo, GS1 imeweka mwisho wa mwaka 2027 kuwa lengo la maduka duniani kuweza kusoma barkodi za miraba mezani mwa keshia, kwa kuwa mraba mmoja unaweza kubeba namba ya bidhaa pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Kwenye maduka ya dawa mabadiliko hayo yameshafika: dawa za kuandikiwa na daktari zinazouzwa katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zimelazimika kuwa na DataMatrix tangu Februari 2019, kwa hiyo maboksi yenye mraba huo yameenea duniani. Duka la dawa la Buruburu linalonunua skana ya leza leo linanunua kifaa kisichoweza kusoma sehemu muhimu zaidi ya boksi.

Hata hivyo kamera ina udhaifu unaotokana na nguvu yake: husoma chochote inachokiona. Tangu Novemba 2019 maji ya chupa, juisi na soda huuzwa Kenya yakiwa na stempu ya ushuru ya mamlaka ya mapato, KRA, kama ilivyo kwa pombe na sigara, na stempu hiyo ina mraba wake wa kusomwa na simu. Pakiti nyingine zina QR ya matangazo. Keshia akielekeza kamera kwa haraka, skana hushika mraba badala ya milia, na kwenye dirisha la mauzo hutokea mfuatano wa herufi usioeleweka. Dawa yake kwa sasa ni kuzima usomaji wa QR kwenye skana ya mezani, jambo linalofanywa kwa kusoma barkodi maalumu iliyo ndani ya kitabu cha maelekezo. Skana isiyo na kitabu hicho, au ambayo muuzaji hawezi kukipata, haifai kununuliwa.

Umbo la kifaa hutegemea meza. Katika duka la grili kaunta ni nyembamba na imejaa peremende, kadi za simu na mizani, kwa hiyo skana ya mkono yenye stendi ndogo inafaa: kwenye stendi hujiwasha yenyewe pakiti ikipita mbele yake, na hutolewa kwa ajili ya ndoo ya mafuta au gunia lililo sakafuni. Skana kubwa ya kukaa mezani, inayotupa mistari mingi inayokatana, ina maana pale tu keshia anapokaa sehemu moja na bidhaa zinampitia. Ile inayolazwa ndani ya meza pamoja na mizani ni ya supamaketi kubwa.

Kuhusu kuunganisha, waya wa USB bado ndio wenye faida nyingi kwa keshia. Hauna betri ya kuisha, haupotei, na skana hupata umeme kutoka kwenye kompyuta, hivyo stima ikikatika katikati ya foleni kazi huendelea ikiwa mauzo yanafanywa kwa kompyuta ya mapajani au kompyuta iko kwenye UPS. Sehemu ya kwanza kuharibika huwa waya wenyewe, pale unapoingia kwenye kishikio. Inafaa kuchagua skana ambayo waya wake huchomoka na kubadilishwa, kwa maana ile iliyofungwa moja kwa moja hutupwa yote kwa sababu ya waya wa bei ndogo. Skana isiyo na waya hupendeza, lakini kwenye kaunta ya nusu mita ni gharama bila sababu. Thamani yake iko stoo.

Bohari huja na maswali yake. Katoni hazibebi EAN-13 peke yake. Nyingi zina ITF-14, yenye tarakimu 14, ambapo tarakimu ya kwanza huonyesha aina ya ufungaji, au Code 128 iliyochapishwa kwenye lebo ya usafirishaji. ITF ina kasoro ya kuzaliwa: mwale wa skana ukipita kwa mshazari na kutokea juu au chini ya milia, sehemu tu ya namba huweza kusomwa na kukubaliwa kana kwamba ni namba nzima. Ndiyo sababu barkodi hiyo huzungushiwa fremu nene nyeusi. Kwenye skana huwekwa sharti kwamba ITF ikubaliwe ikiwa na tarakimu 14 kamili, na tatizo huisha.

Mtego unaowaponza wauzaji wa jumla wa Eastlands kuliko huo ni robota la unga. Robota la kawaida ni pakiti 12 za kilo mbili, na mara nyingi limefungwa kwa karatasi ya nailoni inayoonyesha ndani. Mpokeaji mizigo akilielekezea skana, kifaa husoma barkodi ya pakiti moja kupitia nailoni, na programu huongeza pakiti moja stoo badala ya kumi na mbili. Wakati wa kuuza kosa hilohilo hugeuka hasara, kwa kuwa robota zima hutoka kwa bei ya pakiti. Hata skana bora kabisa haiwezi kujua tofauti, maana imesoma sawasawa ilichoonyeshwa. Wauzaji makini hutengeneza namba ya ndani ya robota, huichapisha kwenye lebo inayobandikwa juu ya nailoni au kwenye karatasi iliyobandikwa kaunta, na humfundisha keshia kusoma hiyo tu.

Karatasi hiyo ya kaunta inastahili kutajwa zaidi, kwani ndiyo suluhisho la kundi lote lisilo na barkodi. Ukurasa mmoja uliofunikwa kwa plastiki, wenye picha au jina na barkodi ya trei ya mayai, gesi ya kilo 6 na ya kilo 13, misumari kwa kilo, kreti tupu na mengineyo, humwezesha keshia mgeni kuuza bila kukariri namba. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi ukurasa huo huweza kufanya kazi kuliko barkodi zote za kiwandani. Barkodi hizo zisipunguzwe ukubwa kama picha ili zitoshe. Ukubwa kamili wa EAN-13 ni karibu milimita 37 kwa 26, na kiwango hakiruhusu kushuka chini ya asilimia 80 ya hapo. Nafasi nyeupe ya kushoto na kulia ni sehemu ya barkodi na haifai kukatwa. Lebo za karatasi inayoungua kwa joto, kama ya risiti, hufifia zikikaa juani, kwa hiyo bohari inayotaka lebo ya kudumu hutumia printa yenye utepe wa wino. Hili linawahusu hasa wauzaji wa nguo na mapazia wa Eastleigh, ambao mali nyingi huwafikia bila namba yoyote. Kwao ubora wa printa huja kabla ya ubora wa skana.

Umbali wa kusoma hutangazwa sana na wauzaji wa vifaa. Skana za masafa marefu, zinazosoma lebo kubwa kutoka mita kadhaa, ziliundwa kwa ajili ya rafu za juu na madereva wa folklifti wasioshuka. Maghala mengi ya Industrial Area na ya kando ya Outering Road hupanga mali sakafuni, nayo huingizwa na kutolewa kwa mabega ya wapagazi. Hapo skana ya kawaida inatosha, na fedha iliyobaki ielekezwe kwenye uimara: kifaa kilichojaribiwa kuanguka juu ya saruji kutoka angalau mita 1.5, chenye alama ya kinga ya IP. Katika alama hiyo tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji, kwa hiyo IP42 inafaa dukani, ilhali mahali pa saruji na unga panahitaji IP54 au zaidi.

Mawimbi ya redio ni suala jingine. Bluetooth ya skana nyingi hufika takriban mita 10 mahali wazi, na zile zenye nguvu zaidi hutangazwa kufika 100, lakini kuta za mabati na mapipa ya mafuta hukata umbali huo vibaya sana. Kwa kuhesabu stoki mwisho wa mwezi, chaguo lisilo na usumbufu ni skana yenye kumbukumbu, inayohifadhi maelfu ya namba na kuzimimina kwenye kompyuta baadaye. Kompyuta za mkononi zenye Android na skana ndani yake, kama za Zebra au Honeywell, hufaa pale mfanyakazi anapohitaji kuona kiasi, mahali na agizo la mteja papo hapo, na pale tu ghala linapokuwa na Wi-Fi ya kuaminika na programu iliyoandikwa kwa kazi hiyo. Bila hivyo ni simu nzito ya bei kubwa. Kwa kifaa chochote kisicho na waya, betri iwe inayotolewa, kwa sababu huchoka kabla ya kifaa.

Kwenye masoko ya vifaa vilivyotumika bado hupatikana skana zenye jina la Symbol. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Motorola mwaka 2007, na shughuli zake za skana zikahamia Zebra mwaka 2014, kwa hiyo maelekezo ya mitambo yake hutafutwa kwa Zebra. Skana ya leza ya namna hiyo iliyo nzima huweza kuhudumu miaka mingi katika duka la milia pekee. Chapa maarufu pia huigwa, na namba ya utambulisho iliyo chini ya kifaa inafaa kulinganishwa na ile ya boksi kabla ya kulipa.

Jaribio la kununua ni rahisi na halihitaji fundi. Mnunuzi anayekwenda mjini, iwe Luthuli Avenue au kwenye ofisi za wauza mitambo ya keshia, hubeba bidhaa zinazomsumbua zaidi dukani kwake: pakiti ya maziwa iliyokunjika, mkate, chupa nyembamba, kipande cha katoni chenye ITF-14, chupa ya maji yenye stempu, na lebo kutoka kwenye mizani yake. Barkodi safi iliyo mezani mwa muuzaji haithibitishi kitu. Kila bidhaa husomwa mara kadhaa ndani ya ukurasa mtupu wa kuandikia kwenye kompyuta, na tarakimu zilizotokea hulinganishwa na zilizochapishwa chini ya milia. Namba iliyopungukiwa tarakimu au iliyogawanyika katika mistari miwili ni dalili ya mpangilio mbaya au kifaa kibaya, na muuzaji anayejua kazi yake atavitofautisha hapo hapo. Herufi zikibadilika, kwa mfano alama ya kistari kuwa nyingine, kibodi ya skana imewekwa kwa lugha isiyo ya kompyuta hiyo, nayo hurekebishwa kwa barkodi moja ya kitabuni. Jaribio la mwisho hufanywa karibu na mlango, kwenye jua, ikiwa mali itapokelewa nje ya ghala. Risiti ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA, na maandishi ya waranti hudaiwa palepale. Tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria, haikubaliwi na KRA kupunguza mapato yanayotozwa kodi, na skana ni gharama ya biashara.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kila bidhaa huingizwa kwenye programu kwa kusomwa na skana ileile, si kwa kuandikwa kwa mkono, na kundi lake la kodi hukaguliwa. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida viko kwenye kiwango cha sifuri cha VAT, ilhali sabuni hutozwa asilimia 16. Namba moja iliyofungwa kwenye kundi lisilo lake hurudia kosa hilo katika kila ankara inayotumwa. Mtengenezaji akibadilisha ukubwa wa pakiti, barkodi mpya huongezwa kama bidhaa mpya, maana kuibandika juu ya ile ya zamani huchanganya hesabu za stoo.

Matunzo ni machache. Kioo cha skana hufutwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo, kila wiki katika maduka ya barabara zenye vumbi na kila siku penye saruji. Mchanga ukisuguliwa kwa kitambaa kikavu huacha mikwaruzo inayofifisha usomaji. Waya haukunjwi kuzunguka kishikio. Karatasi yenye barkodi ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, pamoja na zile za mipangilio iliyochaguliwa, hubandikwa ndani ya mlango wa kabati la keshia, kwa sababu mara nyingi skana inayodhaniwa imekufa huwa imesoma kwa bahati mbaya ukurasa wa kitabu chake yenyewe. Duka lenye keshia zaidi ya mmoja huweka skana moja ya akiba ya aina ileile, na ya leza iliyostaafishwa huhamia stoo kupokea katoni.